Kuchanja Wanyama Pasipo Sindano

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari za neno moja ambalo sote twalitumia wala hatulifikiri sana, nalo ni neno "chanjo". Siku hizi mtu akisikia ya kuwa kesho kuna chanjo ya mbuzi, mara huona moyoni mwake bomba na sindano, na mbuzi anayelia akishikwa pembe. Lakini tukiliuliza neno lenyewe, halijui habari za sindano. Kuchanja ni kukata. Twachanja kuni kwa shoka. Na waganga wa zamani walichanja chale katika ngozi ya mgonjwa, wakapaka dawa. Basi neno hili limetoka katika ngozi, nalo ni la zamani kuliko sindano. Twaileta habari hii kwa sababu wataalamu wa nchi za mbali, baada ya kuitumia sindano kwa miaka mingi, wameanza kurudi katika ngozi, nao wametengeneza vyombo vya kumkinga mnyama pasipo kumchoma hata kidogo. Yafaa tuangalie pamoja jambo hili lina faida gani kwetu sisi wa Daa na Karatu, na kwa wenzetu wa Ngorongoro, na ni lipi kati yake lililokwisha kufika mikononi mwetu.

Kwanza tuseme ya kuwa kukinga mnyama kwa njia ya ngozi si jambo geni katika Afrika. Ng'ombe wana ugonjwa mbaya wa homa ya mapafu, unaoambukizwa kwa pumzi. Zamani wafugaji wa sehemu nyingi za bara hili, tangu Senegambia hata pande zetu za mashariki, walitwaa kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa huo, wakapasua kidogo ngozi ya juu ya pua ya ng'ombe mzima, wakakitia kipande kile ndani. Pua ilivimba, na ng'ombe wengine walikufa. Walakini waliopona hawakushikwa tena kwa wepesi. Huko Ulaya, mwaka 1852, daktari wa Ubelgiji aitwaye Louis Willems alitangaza njia iliyofanana na hiyo, ila yeye alichanja ncha ya mkia. Na kabla yake, mwaka 1796, Mwingereza Edward Jenner alitwaa usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkono wa msichana mkamuaji, akautia katika mikwaruzo ya mkono wa mtoto, na mtoto yule akakingwa na ndui ya wanadamu. Ndiyo maana Wazungu waliiita chanjo kwa jina lililotoka katika neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe. Kwa hiyo wao waliita chanjo kwa jina la mnyama, nasi tuliiita kwa jina la kazi ya kukata ngozi, na majina yote mawili ni ya kweli.

Hatusemi haya ili mtu arudie kutia mapafu ya mzoga puani mwa ng'ombe wake. Njia ile iliua wengi, na leo ipo dawa iliyo bora. Twasema tu ya kuwa wazee walikuwa wamekwisha kujua mambo mawili: ya kwanza, aliyeugua kidogo aweza kukingwa na ugonjwa mkubwa, na ya pili, ngozi ni mlango mwema wa kupitishia mafunzo hayo.

Sindano yenye tundu ilikuja baadaye, nayo imetenda mema makubwa, wala si haki kuyasahau. Wazee wa Ngorongoro walisimuliwa na baba zao habari za sotoka. Ugonjwa ule uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukafagia ng'ombe, nyati na nyumbu. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann alipofika katika Kreta ya Ngorongoro aliwakuta Wamasai wamedhoofika kwa njaa, maana mali yao yote ilikuwa imekufa. Karibu na mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo njema ya sotoka huko Muguga, nchini Kenya. Baadaye ikapatikana chanjo ya sotoka iliyovumilia joto, na katika nchi kama Karamoja na Sudan ya kusini wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja, kwa kuwa madaktari hawakuweza kufika kila mahali. Mwaka 2011 ikatangazwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani. Katika historia yote, hata leo, magonjwa yaliyofutwa hivyo ni mawili tu: ndui ya wanadamu na sotoka ya ng'ombe. Basi sindano na tuipe heshima yake.

Lakini kila chombo kina upande wake wa pili. Tungali twakumbuka siku moja ya kuchanja mbuzi katika kitongoji kimoja cha kwetu. Mbiu ilikuwa imepigwa tangu juzi yake, lakini asubuhi ile mbuzi walioletwa walikuwa wachache. Wengine walikwisha kupelekwa bondeni alfajiri, kana kwamba anakuja mwizi. Mchanjaji, ambaye hatumtaji, alikuwa na bomba moja na sindano moja, akaenda zizi kwa zizi. Alipofika kwa bibi mmoja mjane, jirani ya shule, mwenye mbuzi wanne tu, yule bibi akasimama mlangoni pa zizi asimpishe. Waliokuwapo wakacheka, wakasema anaogopa. Sisi tukamwamkia, "Shikamoo, bibi," tukamwuliza ana neno gani moyoni.

Akajibu, "Marahaba, walimu wangu. Sindano hii imetoka katika mbuzi wa nyumba saba kabla ya kufika kwangu. Mbuzi wangu hawa ndio sare ya mjukuu wangu, ndio daftari zake. Niambieni, damu ya mbuzi wa watu iliyomo ndani yake, nani ameiondoa?"

Mchanjaji hakumjibu. Alifunga sanduku lake akaenda zizi lingine, na mbuzi wale wanne hawakuchanjwa. Baada ya siku kadhaa mbuzi wawili watatu wa majirani wakatoka majipu pale pale walipochomwa, na watu wakasema bibi alijua. Lakini haikupita miezi mingi, ugonjwa ukaingia kitongojini, na mbuzi wa bibi wakafa watatu. Mjukuu wake hakuonekana shuleni muda wa majuma matatu, tukaona nafasi yake tupu katika daftari la mahudhurio. Hapo ndipo tulipoona jinsi swali jema lisilojibiwa linavyoweza kuleta hasara sawasawa na ugonjwa.

Maana swali lile lilikuwa swali la elimu, si la ujinga. Madaktari wa mifugo wote wajua ya kuwa sindano isiyosafishwa yaweza kuhamisha ugonjwa kutoka mnyama mmoja mpaka mwingine. Ndigana baridi, ambayo kwa desturi huletwa na kupe, yaweza kuletwa na sindano yenye damu. Nagana ya ndorobo vivyo hivyo. Na ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe ukiwa umeingia katika kundi, mchanjaji mwenye sindano moja aweza kuusambaza siku ile ile aliyokuja kuuzuia. Tena katika nchi yetu ng'ombe wa mtu mmoja mara nyingi hulishwa katika boma la mwingine, kwa ndugu au kwa rafiki. Kwa hiyo uchafu wa sindano moja hauishii kwa mtu mmoja.

Sasa tutazame vyombo vipya. Kimoja ni chombo kinachoshikwa mkononi kama bastola. Ndani yake mna springi yenye nguvu, au hewa iliyoshindiliwa, na mbele yake pana tundu dogo sana, jembamba karibu na unywele. Mtu akikibonyeza juu ya ngozi, dawa husukumwa kutoka kwa kasi kubwa mno, hata maji yenyewe yakawa ndiyo sindano: yapenya ngozi na kutawanyika ndani yake kufumba na kufumbua. Hakuna chuma kinachoingia mwilini. Huko Ulaya chombo cha namna hii chatumika kuchanja nguruwe. Katika chanjo moja ya nguruwe, itiayo dawa ndani ya ngozi, kipimo ni mililita 0.2 tu, na chanjo ya aina hiyo hiyo ikichomwa katika mnofu kipimo chake ni mililita 2, yaani mara kumi. Tena hakuna sindano iliyovunjika na kubaki ndani ya nyama, wala jipu katika mnofu utakaoliwa, wala mchanjaji kujichoma kidole mnyama anaporuka.

Mtu atauliza, yawezekanaje dawa ndogo namna hiyo kutenda kazi? Jibu lake ni habari ya ngozi yenyewe. Ngozi si gunia la kufungia mwili tu. Ni ukuta wenye walinzi. Mwaka 1868 kijana Mjerumani, Paul Langerhans, alipokuwa angali mwanafunzi wa udaktari, aliona katika ngozi chembe zenye matawi kama mti; yeye alidhani ni za mishipa ya fahamu, lakini baadaye ilijulikana ya kuwa ni walinzi. Adui akiingia, chembe hizo humkamata, huchukua alama yake, na kuipeleka mpaka katika tezi, ambako askari wa mwili hufundishwa kumtambua. Mnofu hauna walinzi wengi kama ngozi. Kwa hiyo anayetia dawa katika ngozi ameipeleka kwa mwenye kazi yake, asiyehitaji kuambiwa kwa sauti kubwa. Hata kwa wanadamu jambo hili limetumika: chanjo ya kichaa cha mbwa ikitiwa ndani ya ngozi, mililita 0.1 kwa kila mahali pa kuchomwa yatosha, na hivyo chupa moja huweza kuwafaa watu wengi zaidi.

Walakini tusishangilie upesi. Bomba la kurusha dawa si jipya kabisa. Lilitumika sana tangu miaka ya 1960 katika vita vya kufuta ndui, hasa Afrika ya Magharibi na Brazili, na mtu mmoja aliweza kuchanja mamia ya watu kwa saa moja. Watu wakasema: hakuna sindano, basi hakuna hatari. Lakini mwaka 1984 na 1985, huko California katika Marekani, wagonjwa wa kliniki moja waliambukizwa homa ya ini kwa bomba la namna hiyo. Damu kidogo, isiyoonekana kwa macho, ilirudi katika mdomo wa chombo kutoka kwa mtu mmoja, ikaingia kwa mwingine. Mwaka 1997 jeshi la Marekani likaacha kuyatumia mabomba yale, na sasa vyombo vya wanadamu hutengenezwa vyenye mdomo wa kutupwa baada ya kila mtu. Oneni basi, ndugu zangu: swali walilojiuliza mabingwa wa Marekani ni lile lile lililoulizwa mlangoni pa zizi hapa kwetu, yaani damu iliyomo ndani yake nani ameiondoa? Kuondoa sindano si sawa na kuondoa uchafu. Tena bomba lahitaji ngozi iliyo safi. Juu ya manyoya mazito yenye matope, au mnyama akitikisika, dawa humwagika nje, na mwenyewe akadhani ng'ombe wake amekingwa naye hakukingwa.

Je, tungoje mpaka vyombo hivyo vitufikie kwa bei tuiwezayo? La. Katika nyumba zetu tayari imo chanjo isiyo na sindano, nayo ni ya kuku. Kila mama wa Karatu ajua mdondo, ambao wengine wauita kideri. Waja mara moja, kuku wapinda shingo, waharisha kijani, na katika siku chache banda ni tupu. Sisi walimu twaweza kuujua msimu wa mdondo hata bila kuyaona mabanda, maana ndipo watoto wengi huja bila kalamu. Kuku ndio mfuko wa mama. Mfuko ukitoboka, shule nayo hupungukiwa.

Dawa yake ni chanjo iitwayo I-2. Mbegu yake ilitayarishwa Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, na Profesa Peter Spradbrow na wenzake, kwa ajili ya kuku wa vijijini katika nchi zisizo na barafu kila mahali. Na hapa nchini hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Sifa yake kubwa ni kuvumilia joto kuliko chanjo nyingine, ijapokuwa nayo yapaswa kufichwa jua na kuwekwa mahali pa baridi. Haihitaji sindano. Kuku akamatwa jioni au alfajiri angali bandani, alazwa ubavu, tone moja latiwa katika jicho moja, mtu angoja mpaka tone limeenea, kisha amwachia. Kifaranga na jogoo kipimo chao ni kimoja. Baada ya miezi mitatu au minne hurudiwa. Kuku aliyekwisha kuugua hatapona kwa tone hilo, maana ni kinga, si tiba; kwa hiyo yafaa kuchanja kabla ya msimu.

Mtu atasema, jicho si ngozi. Ni kweli; lakini nalo ni mlango wenye mlinzi. Nyuma ya jicho la kuku mna tezi yenye askari wengi wa mwili, nao hupokea mafunzo pale pale. Na kama mtu ataka ya ngozi hasa, ipo chanjo ya ndui ya kuku. Hiyo yatiwa katika utando mwembamba wa bawa kwa kijiti chenye ncha mbili, kilichochovywa katika dawa. Hapana bomba la kusukuma. Baada ya siku 7 hivi mwenye kuku hutazama bawani: akiona kiuvimbe au kigaga kidogo, ajua chanjo imeshika; asipoona kitu, ajua yapasa kurudia. Hii ndiyo chanjo tuipendayo kuwaonyesha wanafunzi, kwa kuwa haimtaki mtu aamini tu. Yampa alama ya kutazama kwa macho yake.

Twaona hapa siri ya jambo lote. Tone la jicho limependwa na akina mama si kwa sababu kuku haumii tu, bali kwa sababu mwenye kuku ndiye mwenye kutenda. Chupa moja yatosha kuku wa nyumba nyingi, basi majirani huchanga fedha, hupanga siku, na mtoto wa darasa la tano huhesabu matone na kuandika. Hakuna mgeni anayeingia zizini na kufunga sanduku bila kujibu. Chombo kizuri ni kile ambacho mwenye mali aweza kukiuliza na kupata jibu.

Kwa wanyama wakubwa na wadogo wa malishoni, sindano ingali ni ya lazima. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa katika nchi yetu mwaka 2008, katika wilaya ya Ngorongoro, na mataifa yameweka nia ya kuifuta duniani ifikapo mwaka 2030. Chanjo yake huchomwa chini ya ngozi, na mara moja humkinga mbuzi muda wa miaka mitatu au zaidi. Homa ya mapafu ya ng'ombe nayo, iliyokuwa imetoweka nchini tangu miaka ya 1960, ilirudi mwaka 1990 kwa njia ya Ngorongoro. Chanjo yake yaitwa T1/44. Herufi ile ya kwanza ni ya Tanganyika, maana mbegu yake ilipatikana katika ng'ombe wa nchi hii. Anayekataa chanjo hizi kwa kungoja bomba la Ulaya ni kama mtu akaaye mvuani akingoja bati, na nyasi za kuezekea zimo shambani mwake.

Basi siku ya chanjo ikitangazwa, tusiwafiche wanyama bondeni, wala tusikae kimya. Tuwalete, kisha tuulize kwa adabu: Bwana mifugo, hii ni chanjo ya ugonjwa gani? Imewekwa katika baridi njia nzima? Imechanganywa saa ngapi? Na je, kila mnyama ana sindano yake? Kama sindano ni chache, wanakijiji wachange fedha za kuziongeza, maana bei ya sindano ni ndogo kuliko bei ya mbuzi. Na zile za chuma zaweza kuchemshwa vizuri na kupozwa kabla ya kutumiwa tena. Lakini zisioshwe kwa spiriti wakati wa kazi, maana spiriti huiua chanjo iliyo hai. Na ninyi mnaochanja, twawasihi, mkiulizwa jibuni. Jibu la dakika moja mlangoni pa zizi laweza kuingiza mbuzi mia katika kinga.

Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Msimu wa mdondo haujafika. Nendeni kwa majirani zenu juma hili, hesabuni kuku, changeni fedha za chupa moja, mkatie tone jicho kwa jicho.